Shavu la Kushoto la Mwanvita

Tangu Doreen ajifunze kuutumia mwanga wa dirisha, studio yake pale Mwembesongo haikukaukiwa wateja. Alizitupa kando taa kali zilizowafanya watu wang'ae kama waliopakwa mafuta, akawa anawaketisha ubavuni mwa dirisha, na upande wa pili ametundika shuka jeupe ili mwanga urudi usoni taratibu. Alijua kumsogeza mtu pembeni kidogo mwa picha na kumngoja mpaka mabega yashuke. Kisha alimalizia kwenye kompyuta, akiondoa chunusi hapa na weusi wa chini ya macho pale.

Ndivyo alivyompokea Mwanvita, aliyeteremka kutoka mlimani, Choma, pamoja na mama yake, Mwanaheri, kupiga picha ya kumbukumbu kabla ya kuolewa. Binti alikuwa na kovu la moto shavu la kushoto, kuanzia chini ya jicho hadi tayani. Wala hakulificha. Alikaa akiongea Kiluguru na mama yake, akicheka, uso wote kaugeuzia dirishani. Ilikuwa kazi rahisi kuliko zote alizofanya Doreen mwaka ule.

Walipokwenda sokoni kusubiri, Doreen akalifuta lile kovu. Hakuna aliyemwomba. Alidhani anatenda hisani, na ngozi ilipotokea laini, alijisifu moyoni.

Waliporudi, Mwanvita aliitazama picha. Akapeleka vidole shavuni, akashukuru, wakaenda zao. Doreen aliviona vile vidole. Akajifanya hakuviona.

Baada ya wiki kadhaa aliwakuta sokoni wakiuza ndizi. Jua lilikuwa la utosini, wauzaji wenzao wanajipepea kwa khanga, lakini Mwanvita alikuwa amejitanda mpaka puani. Doreen alimwamkia Mwanaheri shikamoo. Mama akaitikia, akamvuta kando.

"Mwanangu aliungua akiwa anatambaa," alisema. "Kaenda na kovu lile shule, kaenda nalo ngomani, na Idrisa kamposa nalo. Hajawahi kuniuliza kama ni baya. Siku ile ya picha ndipo aliponiuliza."

Doreen alirudi studio. Aliitafuta picha ya asili, ambayo kwa bahati hakuwa ameifuta, akaichapisha bila kugusa chochote, na Jumapili akapanda mlima. Alimkuta Mwanvita uani akichambua maharage. Hakuzunguka mbuyu. Alisema amemfuta uso bila kumuuliza, na kosa lilikuwa lake yeye, si la ule uso.

Mwanvita aliipokea picha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama ile ya kwanza.

"Hii nzuri, dada," alisema. "Lakini ile nimeshaiona."

Doreen akainamisha kichwa. Kabla ya kuteremka aliomba awapigie picha za harusi, iwe zawadi yake. Mwanvita alimtazama mama yake, kisha akakubali.

Siku ya harusi bibi harusi alitoa shavu la kulia tu. Kila kamera ilipoinuka, naye aligeuka, na Doreen alimfuata upande ule ule, ingawa mwanga ulikuwa upande mwingine. Alasiri, wageni wakila, Idrisa alimnong'oneza mkewe jambo. Mwanvita akacheka hadi mtandio ukamporomokea mabegani, jua la mlimani likamjaa shavu la kushoto. Kidole cha Doreen kilikuwa tayari. Akaishusha kamera.

Mwanvita alikuwa amemwona. Kicheko kikakatika, akauvuta mtandio, na Doreen akajua namna ile ilivyoonekana, kana kwamba amelikimbia kovu. Akamsogelea mkekani, akachuchumaa.

"Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za leo," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuipiga kwa sababu sikuwa nimekuuliza."

Mwanvita aliutengeneza mtandio wake kwa mikono yenye hina.

"Basi siku nyingine uniulize," alisema.

Doreen akaitikia kwa kichwa, akarudi kusimama upande wa kulia.