Mita Iliyonyonya

Jambo ambalo fundi hakuliona, ingawa lilikuwa mbele ya pua yake, ni kwamba kila kijiti kilichosemwa kimebadilishwa kilikuwa kimesomwa na mita ileile. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya shemeji yake.

Vijiti hivyo vya kioo hutumbukizwa majini kupima uchachu, na umeme vinaoutoa ni hafifu kama pumzi ya mgonjwa. Vipya vilikuwa vikisoma kama vichakavu. Mkuu wa karakana ya mamlaka ya maji akahitimisha kwamba yupo anayeuza vipya na kurudisha mikweche, na wenye ufunguo wa stoo walikuwa wawili tu: fundi na kaka wa mkewe. Shemeji akasimamishwa kazi. Langoni walinzi wakaanza kupekua hata vyombo vya chakula. Nyumbani mke wa fundi akawa anampakulia, kisha anakwenda kula jikoni peke yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkuu alimnong'oneza asubuhi ile. "Weka saini tu hapa, kwamba ulikuwa ukimshuku."

Fundi aliomba apime kwanza. Alichana pakiti ambayo haikuwa imeguswa na mtu, akatumbukiza kijiti. Nacho kikasoma kama kichakavu.

Akafungua mita. Ndani, saketi ya bafa, ile inayokaa mlangoni ili mita isome umeme bila kuunyonya, ilikuwa imeungua zamani, na waya mfupi ulikuwa umepitishwa kando yake, hivyo mita ikawa inaunyonya umeme wa kila kijiti, kipya kwa kichakavu. Akaukumbuka. Kipuri kilipokataliwa kwenye bajeti, mkuu ndiye aliyeagiza uwekwe, wa muda tu. Na mkono uliouchomelea ulikuwa wake yeye fundi.

Mkuu aliutazama waya, kisha mlango.

"Ripoti imeshapanda juu, bwana. Funga mfuniko. Au unataka watu wajue maji yao yamepimwa na nini?"

"Na shemeji yangu?"

"Huyo si wa kwanza kufukuzwa."

Fundi hakuweka saini. Alichukua koleo, akaukata ule waya, na mita ikazimika.

"Sasa haitamsingizia mtu," alisema.

Tangu siku hiyo maji huenda mabombani bila kupimwa. Kwa kuwa saini ilikosekana, shemeji alirudishwa kazini kimyakimya, bila hata kuombwa radhi. Langoni bado anapekuliwa, na meza yake ameihamishia upande wa pili wa karakana, mbali na ya fundi.