Bei ya Mchezo Wetu ni Hofu Moja

Barua pepe iliingia nikiwa juu ya ngazi dukani kwa baba, vitenge begani, na nilishuka kana kwamba ngazi ile haina vidato. Mteja mmoja alidhani nimeumwa na nyoka. Baba yangu, Mzee Mudathiri, mtu ambaye hajaharakishwa na jambo lolote tangu azaliwe, aliacha kupima kitambaa akaniuliza ni nani amefariki. Nikamwambia hakuna aliyefariki, ila mchezo wetu umeitwa duniani. Akaniambia nikae chini, ninywe maji, kisha nimweleze vizuri.

Nami sasa nakueleza wewe, maana hata baba ilibidi nimweleze mara mbili. Mimi na Aliko, mwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu karibu na soko la Kyela, tulitengeneza mchezo wa kompyuta wa kutisha, tukauita Hodi. Mchezaji anatembea peke yake katika kijiji kisicho na watu, anapiga hodi nyumba hadi nyumba, na kila mlango una kitu chake cha kumjibu. Hatukuuuza hata siku moja. Ulinakiliwa mkono kwa mkono, kwa waya na kwa kadi za simu, na sharti letu lilikuwa moja tu: ukiutaka mchezo, utulipe hofu. Unakaa kwenye benchi la Aliko, unatusimulia kitu kilichowahi kukutisha kwelikweli, nasi kikitutisha na sisi, tunakitengenezea mlango wake.

Kwa mtindo huo tulipata milango arobaini na mmoja. Mkulima wa kakao kutoka Ikolo alitupa mbwa anayecheka. Mwalimu wa Ndandalo alitupa ubao unaojiandika majina ya watoro waliokwisha kufa. Mama mmoja, nisimtaje, alilipa kwa hofu ya mama mkwe wake, tukaichuja kidogo ili ndoa isivunjike. Watu walicheka, walipiga mayowe, walirudi kesho yake kutazama mlango wao kama mtu anavyokwenda kutazama nyumba anayojengewa.

Sasa duka lile kubwa la mtandaoni, ambako dunia nzima hupakua michezo, lilikuwa limetuandikia. Mtu wao mmoja aliupata mchezo wetu, sijui kwa njia gani, akaucheza hadi mwisho, na walitaka Hodi iingie kwenye maonyesho yao ya michezo ya kutisha. Tungeruhusiwa kuuacha bure. Tulichotakiwa ni kujaza fomu kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Niliisoma barua ile mara saba, na kila mara moyo ulinidunda upya. Nina miaka ishirini na sita, nina stashahada iliyokunjwa sandukuni, na kazi yangu ni kupanda ngazi kuteremsha vitenge. Nilitaka mtu asiyenijua, katika nchi nisiyoijua, awashe taa usiku kwa hofu iliyotoka Kyela. Nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Aliko hakufurahi. Nilikimbia hadi kibandani kwake nikitarajia tukumbatiane, naye akaisoma barua, akarudisha simu, akaendelea kumhudumia mteja. Nilipombana akasema neno lake.

"Hao watachukua bila kulipa hofu, Samira. Kwetu kila aliyenao ametoa kitu. Ukiuweka huko, unakuwa mchezo wa watu waliobonyeza tu."

Nikamwambia anaatamia mayai viza. Nikamwambia na mengine ambayo siyarudii hapa, kwa sababu kumwomba radhi kulinichukua siku nzima. Ubaya ni kwamba hakuwa amekosea kabisa, na mtu akiwa na ukweli nusu ndipo anapoudhi zaidi. Mwishowe tulikubaliana kwamba fomu nitaijaza mimi, na yeye hatanizuia.

Fomu yenyewe ilikuwa nyepesi hadi swali la tisa. Je, watu wote ambao sauti na visa vyao vimo katika mchezo wameridhia? Kidole kilikuwa tayari kuweka alama ya ndiyo. Baba alikuwa nyuma yangu, amevaa miwani, anasoma kwa mwendo wake ule.

"Mali ya mtu huiweki kwenye rafu yako kwa kudhani atakubali," akasema, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Nikatuma ujumbe kwa wote. Siku mbili zilizofuata simu yangu haikupumzika. Waliridhia kwa sauti za vicheko, mmoja baada ya mwingine. Wa Ikolo alitaka jina lake liandikwe kubwa kuliko la mbwa, na mwalimu aliwakusanya wanafunzi wake wakanipigia makofi simuni. Hata yule mama wa mkwe aliridhia, kwa sharti kwamba watu wa Kyela wafichwe, dunia ijue tu. Kufikia Alhamisi walikuwa arobaini. Aliyebaki hana simu, naye ndiye mwenye mlango wa mwisho.

Huyo ni Bibi Veronika, mfinyanzi wa Ikombe. Mjukuu wake Nancy, anayeuza vyungu katika mnada wa Matema, ndiye aliyeutaka mchezo, akasema hofu kubwa ya nyumbani kwao anayo bibi. Mwaka jana nilikwenda nikamrekodi. Alinisimulia kwa maneno machache: walikuwa wasichana wawili, yeye na dada yake Prisca, wanapeleka vyungu Matema kwa mtumbwi, upepo ukawakuta, maji yakaingia, Prisca akaenda nayo. Kisha, bila kuombwa, aliita jina la dada yake kama alivyoliita siku ile. Sauti hiyo ndiyo iliyomo katika mlango wa arobaini na mmoja, na sijaona mchezaji aliyeisikia akabaki ametulia kitini.

Ijumaa asubuhi nilipanda bodaboda hadi Matema, kompyuta kifuani, na Nancy akanivusha kwa mtumbwi chini ya milima ile inayotumbukiza miguu ziwani. Nilizungumza njia nzima. Nancy alipiga kasia na kunisikiliza, halafu akaniambia kwa upole kwamba pale Ikombe hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuumaliza mchezo wetu. Wote hufia kwenye mtumbwi wa mlango wa mwisho. Wanasema mchezo umeharibika. Niliudhika. Mji mzima wa Kyela unamaliza, nikamwambia, na Aliko ameujaribu zaidi ya mara hamsini. Nancy akainua mabega.

Bibi Veronika alikuwa uwanjani, analainisha shingo ya chungu kwa kokoto. Nilimwamkia, akaitika, akaniulizia baba, duka na afya, na mimi nikajibu yote mbiombio. Nikamweleza habari ya duka la dunia. Alisikiliza hadi mwisho, akanawa mikono.

"Hicho unachotaka nikupe ruhusa, mimi sijakiona," akasema. "Nionyeshe."

Kweli, hakuna aliyewahi kumwonyesha. Tukaketi ukumbini, nikafungua mlango wa arobaini na mmoja, nikamfundisha vitufe vitatu: cha kupiga kasia, cha kuita na cha kutupa mzigo. Kwenye kioo, wasichana wawili walikuwa wakienda na vyungu vyao. Upepo ukaja. Maji yakaanza kupanda. Hapo mchezaji yeyote wa Kyela hutupa vyungu, mtumbwi unakuwa mwepesi, na akimwita mwenzake kwa wakati wanafika pwani wote wawili. Bibi Veronika alipiga kasia. Alipiga kasia tu. Maji yakafika kwenye ukingo, nikamwonyesha kitufe cha kutupa, na kidole chake hakikusogea. Mtumbwi ukazama. Nikaelewa kwa nini hakuna mtu wa Ikombe aliyewahi kumaliza.

"Nani alikwambia tulitupa vyungu?" akaniuliza.

"Hakuna, bibi. Nilidhani. Nani asingetupa?"

"Hatukutupa." Hakunikaripia, ingekuwa nafuu angenikaripia. "Vilikuwa vya wanawake watano. Chungu kinauzwa kwa nafaka inayokijaza, na nyumba tano zilikuwa zinangoja kula. Chungu cha mtu hutupi. Prisca alivikumbatia visigongane. Alishika vyungu, hakushika mtumbwi." Akakitazama kioo. "Vilifika Matema vyote kumi na saba. Hata ufa haukuwapo."

Nilijiona mdogo. Binti wa mwenye duka, nimelelewa kati ya mali, na sikuwahi kujiuliza vyungu vile ni mali ya nani. Nikamwambia mlango huo nitaufuta, mchezo hautakwenda popote, na nilimaanisha. Nilianza kufunga kompyuta. Akaushika mfuniko.

"Nirudishe majini."

Nikamrudisha. Upepo ulipokuja, alikisogeza kidole kwenye kitufe cha kutupa, kikakaa pale. Kisha akabonyeza. "Samahani, mama Ambilikile," akasema. Chungu kikaanguka ziwani. Akabonyeza tena, akataja mwanamke mwingine, akamwomba radhi. Aliendelea hivyo, jina baada ya jina, wanawake ambao nadhani wengi wao wapo makaburini, hadi mtumbwi ukabaki na wasichana wawili tu. Nancy alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Alipofika kwenye kitufe cha kuita, Bibi Veronika hakukibonyeza kwanza. Aliita yeye mwenyewe, kwa sauti yake ya leo, "Prisca," ndipo akabonyeza, na sauti yake ya mwaka jana ikaita kutoka kwenye kompyuta.

Mtumbwi ukagusa mchanga. Wasichana wakashuka, wakasimama pwani wakiwa wameshikana mikono, na chini ya kioo likatokea neno letu la kila siku: Endelea.

Kuku alipita ukumbini akatoka. Kisha bibi akauliza, bila kuondoa macho kwenye kioo, kama hao watu wa nje nao watalazimika kumwita ndipo afike.

"Watalazimika, bibi. Asiyeita hampati."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake. Na kwa sauti yako."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema ndaga, asante ya kwao, kwa sauti ndogo, sijui kwangu au kwa nani. "Basi wape," akasema. "Wamwite wengi."

Furaha ilinijaa hadi masikio yakavuma. Nilitaka kumrukia, nilitaka kukimbia hadi mtumbwini, kwa maana Ikombe mtandao ulikuwa haushiki, saa zilikuwa zinakwenda, na kufika Matema kabla ya jioni kulitegemea ziwa litakavyoamka. Nikamwambia, kwa heshima zote nilizonazo, kwamba abonyeze Endelea ili nifunge kompyuta, tuwahi.

"Ngoja kidogo," akasema. "Ndiyo kwanza nimefika naye."

Nancy akanitazama, akalitazama ziwa. Kwenye kona ya kioo, chaji ilikuwa imebaki asilimia kumi na moja. Nikarudi nikaketi kando yake, nikapunguza mwanga wa kioo hadi mwisho, ili idumu.