King'ora Asichokisikia Fundi Sikio

Jina la Fundi Sikio hakupewa kwa hisani. Mashine ya boti ingali mbali majini, yeye kakaa mlangoni mwa karakana yake na kikombe cha chai, alikuwa akisema tu, "Hiyo plagi moja imekufa." Boti ikifika, kifuniko kikifunguliwa, kweli plagi moja imekufa. Watu walileta mashine zao kutoka mbali. Na kwa kuwa sifa ni tamu, naye hakuwa mtu wa kuzitema, alikuwa na msemo wake wa kuwachapia mafundi wenzake: fundi asiyesikia mashine arudi nyumbani akafuge kuku.

Asubuhi moja akaja Redio. Huyu alikuwa nahodha wa boti ya abiria, na walimwita Redio kwa sababu akishawaka hazimiki. Alikuwa bado anafunga kamba gatini, tayari yuko hewani.

"Fundi, mashine inanitia aibu! King'ora kinapiga kelele utadhani tunazama, mshale wa geji ya joto unaruka mpaka kwenye nyekundu, abiria wanaanza kuvua viatu. Halafu ghafla, kimya! Pampu ya maji nimebadilisha. Mashine nikiigusa, vuguvugu tu. Bado kidogo niukate waya wa king'ora nipumzike."

"Ukate, halafu siku ikichemka kweli utaambiwa na nani? Na samaki?" mzee akamjibu.

Akapanda botini kifua mbele. Nyuma yake akapanda binti yake, fundi wa pili wa karakana ile, ambaye mikono yake kwa grisi haikupishana na ya baba yake.

Mzee akafungua swichi bila kuwasha mashine. Hapo king'ora kizima hutoa mlio mmoja mfupi, kubisha hodi tu kwamba kipo. Mzee akasubiri. Hakusikia kitu. Paka wa karakana, aliyekuwa amejilaza gatini, akainuka akaenda zake.

"King'ora chenyewe kimekufa," mzee akatangaza.

Redio akamtazama binti. Binti akatazama maji.

Mzee akaingia karakanani, akatoka na king'ora kipya, kidude cha duara kinachoenea kiganjani. Akakiunga kwenye nyaya, akafungua swichi tena. Wapi! "Hata hiki kibovu! Siku hizi wanatuuzia makopo matupu."

"Mzee," Redio akasema, kaziba sikio kwa kidole, "hicho kinalia. Kinalia mpaka meno yananiuma."

Mzee akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akamgeukia binti yake, akamkuta hacheki. Ngurumo ya mashine alikuwa akiisikia vizuri, na watu wakisema naye alikuwa akiwasikia, wengi wao. Lakini ule mlio mwembamba ulikuwa umehama masikioni mwake bila kuaga.

Ndipo akakumbuka. Kila alipofungua swichi ya mashine ya mtu, binti yake alikuwa ubavuni, akisema, "Safi, Baba, kimelia." Naye humfokea, "Kwani mimi kiziwi?" Mtoto hunyamaza, na mashine inayofuata anasema vilevile.

Mzee akaogopa, tena sana. Msemo ni wake mwenyewe, kautunga kwa mdomo wake, na sasa unamwelekeza bandani kwa kuku. Na shahidi ni nani? Redio, mtu ambaye habari haikai tumboni mwake hata ikifungiwa kufuli.

"Baba," binti akasema, "hebu kishike."

Akamtia kile king'ora kwenye kiganja cha kushoto. Kilikuwa kinatetema kama nyenje aliyekamatwa. Mzee akakifumbata.

"Kumbe unalia, mshenzi wewe," akakiambia. Kisha akapumua, na ufundi ukamrudia. "Zungusha usukani, mwanangu. Polepole."

Binti akazungusha. Mashine, inayoning'inia nyuma ya boti na kufuata usukani, ilipogeukia kulia, kiganja kikatulia na mshale wa geji ukashuka. Ilipogeukia kushoto, kiganja kikatetema na mshale ukaruka.

"Joto halijui kulia wala kushoto," mzee akasema. "Huu ni waya. Chomoa nyaya kwenye sensa zote mbili, ya geji na ya king'ora, tuone."

Binti akachomoa. King'ora kikaendelea kutetema. Basi sensa hazina kesi. Binti akairudisha mashine kulia, king'ora kikatulia. Mkono wa kulia wa mzee ukashuka, ukafuata fungu la nyaya mpaka kwenye tundu linapoingilia mashine. Akabonyeza kwa dole gumba, akaachia. Akibonyeza, nyenje anapiga kelele mkononi. Akiachia, ananyamaza.

"Hapa."

Binti akafungua kibanio. Nyaya mbili, wa geji na wa king'ora, zilikuwa zimechubuka mpaka shaba, na mashine ikikata kushoto zote mbili zinagusa chuma cha ukingo na kupiga shoti. Tundu lilikuwa tupu, halina ule mpira wa kuzuia nyaya zisisuguliwe.

"Mpira wa hapa katoa nani?" mzee akauliza.

"Mimi," Redio akasema. "Niliona hauna kazi." Na kwa mara ya kwanza toka wamfahamu, akazimika.

Wakaunga vipande vipya vya waya, wakafunga tepu, wakatia mpira mwingine. Kisha wakaijaribu majini, wakikata kushoto, wakikata kulia, maji ya pampu yakiruka nyuma kwa nguvu na mshale umetulia mahali pake, hautikisiki.

Waliporudi, manahodha wengine walikuwa wamejaa gatini wakingoja zamu. Redio, ambaye kumbe moyo wake ni mkubwa kuliko mdomo wake, akamkonyeza mzee na kupaza sauti: "Jamani, huyu mzee sikio lake halijazeeka! Kaisikiliza kidogo tu, kaupata ugonjwa!"

Mlango wa kuificha aibu umefunguliwa, kazi ilikuwa ni kupita tu. Mzee akawatazama watu. Akamtazama binti yake, aliyekuwa ameinama anakusanya spana, wala hakuinua uso kumwomba chochote.

"Hebu zima, Redio," mzee akasema. "Jamani, mlio ule mimi siusikii. Nimeukamata kwa mkono. Anayenisikilizia karakana hii, tangu sijui lini, ni huyu mwanangu. Mashine zenu zote mlizoondoka nazo salama, kazisikia yeye, na mimi nikala sifa. Kuanzia leo mkifika, mmwite yeye kwanza."

Aliyasema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasiosikia, na gati zima likasikia. Kifua chake kilikuwa mbele kuliko asubuhi.

Binti akasema neno, kwa sauti ndogo, bado kainamia spana zake.

Mzee akatega mkono nyuma ya sikio, mbele ya manahodha wote. "Sema kwa nguvu, mwanangu. Sijakusikia."