Kiti cha Mgeni Rasmi

Farida alipata habari ya mgeni rasmi akiwa mlangoni mwa stoo ya hosteli, gunia la unga likiwa bado kichwani.

"Safari hii tumempata Bi Vania," Shamimu alimwambia. Shamimu ndiye aliyeianzisha hosteli hiyo pale Likombe, kwa ajili ya wasichana wa sekondari wanaotoka vijiji vya mbali kama Ziwani, na kila mwaka alihangaika kutafuta mtu wa kukalia kiti cha mbele siku ya mahafali. "Amekubali. Na mchele wa shughuli ataleta yeye."

"Alhamdulillahi," Farida alijibu. Aliutua mzigo, akajipangusa uso kwa pindo la khanga. Mdomo ulishukuru, moyo haukushukuru.

Farida alikuwa na mashine moja ya kusaga nafaka, nyuma ya nyumba yake. Tangu hosteli ilipokuwa chumba cha kupanga, alileta unga wa muhogo kila Ijumaa, akabaki kusaidia jikoni. Hakuna aliyemwomba. Aliunuia uwe sadaka, na alifundishwa tangu utoto kwamba sadaka haitangazwi. Vania, mwenye duka la jumla sokoni, alikuwa ameanza kuleta mchele juzi juzi tu. Mchele wake ulikuja na bajaji iliyoandikwa jina lake ubavuni, na wasichana walitoka mbio kuipungia mikono. Farida hakupungiwa na mtu. Yeye waliishia kumwuliza, "Shikamoo mama, mwiko umeuweka wapi?"

Alasiri ile aliswali akasahau yuko rakaa ya ngapi, kwa sababu katikati ya Fatiha aliiona ile bajaji.

Akaamua naye alete kitu cha kuonekana. Magunia mengi, siku moja kabla ya mahafali, yapangwe mbele ya macho ya watu. Alimpigia simu Sudi, mkulima wa Ziwani aliyekuwa akimuuzia makopa, ile mihogo iliyolowekwa na kukaushwa tayari kwa kusagwa. Sudi alikuja na mzigo, lakini hakuushusha.

"Mama, huu ni ule muhogo mchungu. Umeingia majini juzi tu, haujalainika."

"Si nimekwambia uanike? Jua lenyewe hili, linachoma hata mawe."

"Jua linakausha, mama. Uchungu unatoka majini. Nipe wiki nyingine."

"Mahafali ni kesho kutwa, Sudi. Unataka niwapelekee nini, dua?"

Sudi akacheka. "Dua haimuumizi mtu tumbo." Kisha akashusha mzigo, kwa kuwa mteja ndiye mwenye kauli.

Farida alijua, kama anavyojua kila mtu wa huko, kwamba muhogo mchungu usipolowekwa vizuri humwumiza mlaji kichwa na kumtapisha, na watoto wanaweza hata kulegea miguu. Alijua, na aliwasha mashine. Vumbi la unga lilimtua mdomoni. Alilamba, akatema, akajiambia uchungu ule ni moshi wa dizeli.

Ijumaa Shamimu alipoona magunia yale alishika kiuno. "Yote haya, da Farida?"

"Sadaka tu," alisema Farida, na akachelewa kuondoka ili wapite wengine wayaone.

Siku ya mahafali Vania aliketi mbele kwenye kiti chenye mto, ua la kitambaa limebandikwa kifuani, soda mbili mezani kwake. Farida alikuwa jikoni na Mwanakombo, mpishi wa hosteli, lakini sauti ya kipaza iliwafikia. Shamimu alimshukuru mgeni rasmi, akamshukuru tena. Kila makofi yalipolia Farida alikoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

"Utayavunja hayo," Mwanakombo alimwambia. "Kwani yamekukosea nini?"

"Nani kasema yamenikosea?"

"Haya. Bandika maji ya ugali. Wazazi wa Ziwani wakila wali peke yake watasema wameonja tu."

Farida akabandika maji, kisha akaenda kuswali Adhuhuri bwenini kwa wasichana. Alipomaliza aliinua mikono aombe. Alitafuta maneno, na alichokikuta moyoni kilikuwa kwamba Vania aondoke. Hakuthubutu kumwambia Mola wake hivyo. Akabaki na mikono mitupu usoni, na mikono ilinuka unga. Ule uchungu ukamrudi ulimini. Aliwaza watakaoula: wasichana hawa hawa ambao sare zao za shule zilikuwa zimetundikwa juu ya kichwa chake.

Akauacha mswala chini, akatoka mbio.

"Usitie!"

Mwanakombo alikuwa ameinamia sufuria, bakuli la unga mkononi. "Maji yamechemka, da Farida."

"Usitie, nimesema. Unga haufai. Muhogo wake haukukaa majini."

Mwanakombo aligusa unga kwa ncha ya kidole, akaulamba, akatema jivuni. "Yarabi! Nani kakuuzia huu?"

Jina la Sudi lilikuwa karibu sana kutoka. Farida alilimeza.

"Mimi ndiye niliyeharakisha. Sudi alinikataza."

Shamimu aliingia akiwa bado na karatasi ya hotuba. Akaelezwa. Alitazama magunia, akamtazama Farida.

"Ilikuwaje, dada?"

"Nilitaka mnione."

Shamimu aliikunja karatasi ya hotuba, akasema taratibu, "Ule mwaka mashine yako ilipokufa tulikula viazi vitamu mpaka wasichana wakatunga wimbo. Kuna aliyekufukuza? Ungesema tu, 'Wiki hii sina.' Hilo lilikuwa gumu?"

Farida aligeuza uso. Mlangoni alikuwa amesimama Vania, ua lake kifuani.

"Mchele upo," Vania alisema. "Nilileta wa ziada, niliogopa kuaibika."

Farida aliona bora angetukanwa. Hata kuanguka kwake kuliokolewa na mchele ule ule.

Magunia yalitakiwa kutolewa pale upesi, yakamwagwe shimoni, mtu asije akaupika ule unga kwa makosa. Farida aliinama kushika pembe ya gunia, na upande wa pili ukashikwa na mkono wenye bangili.

"Utachafua gauni, da Vania."

"Litafuliwa."

Wakabeba. Njiani Vania akasema, "Ungesema mapema, tungebadilishana viti."

"Usinitanie, nimeshachoka leo."

"Sikutanii. Baba yangu alivuka mto Ruvuma akiwa kijana, kutoka nchi ya pili, amezikwa hapa hapa Mtwara, na mimi mpaka leo kila ninapoingia naambiwa, 'Karibu mgeni.' Leo wameniandikia kabisa kwenye kitambaa ukutani. Mgeni, tena rasmi!" Alicheka kidogo, kicheko kikamwishia. "Nikileta mchele nakalishwa ofisini, naletewa soda. Nakusikia huko jikoni unagombana na Mwanakombo juu ya chumvi. Haki ya Mungu, nakuonea wivu mpaka soda inanishinda."

Farida alisimama, gunia likaning'inia kati yao. Kuonewa wivu kwa ajili ya chumvi! Alitaka kucheka, akaona machozi ya mwenzake, akaacha.

Walimwaga unga wote, Vania akarudi ukumbini kugawa vyeti. Farida alirudi jikoni kukatakata vitunguu vya wali. Jiko lile lilikuwa lake, sasa ndiyo alijua hivyo, na kujua kulimfanya atake kulishika kwa mikono yote miwili.

Vyeti vilipoisha, kivuli kikasimama kizingitini.

"Hodi," alisema Vania.

Mwanakombo alimtazama Farida. Ingekuwa adabu tu kumwambia mgeni arudi kwenye kiti chake, kwamba watu wanamsubiri. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, matamu kabisa. Farida akayaacha yapoe.

"Hodi ya nini?" alisema, akamsogezea kisu na sinia la vitunguu. "Kaa hapo. Na ua hilo livue, litatuingilia sufuriani."