Tepe Tatu za Mzee Kashinje

Faustini wa Inyonga alikuwa fundi baiskeli, na lau angeishia hapo asingemsumbua mtu. Lakini jioni, akishafunga kibanda chake, alikaa kibarazani na donge la nta ya nyuki na vipande vya spoku, akawa anatengeneza askari. Si askari wakubwa, urefu wa kidole cha shahada tu. Kila mmoja alimtia kipande cha spoku kiwe uti wa mgongo, akamvisha nta, akamchonga pua kwa sindano, kisha akampaka rangi. Kaki ilitoka kwenye udongo wa kichuguu uliokorogwa na kiini cha yai. Nyeusi ilikuwa masizi ya chungu. Brashi ilikuwa manyoya ya mkia wa paka wa mama yake, na paka huyo alikwishajifunza kulala juu ya paa.

Mama yake, Dafrosa, alisema kila siku kwamba aliomba wajukuu, badala yake akaletewa kombania nzima inayokula mayai. Majirani nao walicheka kwamba mwanaume mzima anacheza na wanasesere. Faustini aliwajibu kwa upole kwamba hao si wanasesere, hao ni Keya, wale waliopelekwa Burma kupigana na Mjapani, na kama kuna mwenye hoja kuhusu mikanda yao aketi wazungumze. Hakuna aliyeketi.

Maana ugonjwa wake hasa haukuwa nta, ulikuwa ukweli. Aliwaandama wazee waliorudi kutoka vita ile hadi msalani: kifungo cha mfuko kilikuwa cha shaba au cha mfupa? Kofia ilikunjwa upande upi? Mwaka uliotangulia kijiji kilipangwa upya na watu wakahamishwa na vyombo vyao kichwani, yeye akiwa anabeba jeshi ndani ya ungo, na bado alikuwa akibishana na mzee mmoja njiani kuhusu chupa za maji. Alipogundua kuwa amezitundika upande usio wake, aliyeyusha kikosi kizima akaanza upya. Mtu wa namna hiyo huwezi kumshauri kitu, unamwacha tu.

Sasa Faustini alimpenda Bibiana, binti wa Mzee Kashinje, na Bibiana alimpenda yeye, Mungu ndiye ajuaye kwa nini. Mzee Kashinje alikuwa amefika Burma kweli. Tangu arudi alikuwa akiwasimulia watu jinsi alivyokuwa sajini, jinsi alivyoongoza watu kuvuka mto risasi zikipita masikioni, na jinsi Mjapani mmoja alivyomwona akatupa bunduki mwenyewe. Kila msimu wa tumbaku mto ule ulizidi kuwa mpana.

Posa ilipopelekwa, mshenga, Bwana Osward, alirudi na jibu. Mzee hakukataa. Angekuja Jumapili baada ya misa, pamoja na wadogo zake, kuangalia nyumba ya kijana kama ilivyo desturi. Na kwa kuwa alisikia kuna jeshi humo ndani, alitaka ajikute amewekwa mbele kabisa, ana tepe tatu za sajini begani. Asipojikuta, angejua kwamba kijana hana heshima, na mambo yangeishia kwenye chai.

Faustini aliona jambo limekwisha, ameoa. Akafinyanga Mzee Kashinje wa ujanani, kifua mbele, bunduki mkononi. Ijumaa Bibiana alileta baiskeli ya kaka yake kuzibwa pancha, akachungulia kisanamu, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Baba hakuwa sajini," alisema. "Alikuwa mpishi. Mama ananiambia kila wakigombana. Weka tu hizo tepe, tuoane."

Faustini aliweka chini gundi ya tairi. Alimwambia kwamba haiwezekani. Sajini mmoja wa uongo, na kombania yote inakuwa ya uongo, mpaka kifungo. Bibiana akamuuliza taratibu kama anataka kuoa yeye au kifungo. Faustini, ambaye alikuwa mjinga lakini hakuwa mwongo, alichelewa kujibu. Bibiana akachukua baiskeli na pancha yake akaondoka.

Usiku ule na siku iliyofuata Faustini alikuwa hoi. Hakula, hakulala, alimzibia mteja tairi ambalo halikuwa na tundu. Alimwona Bibiana akiolewa na karani wa tumbaku mwenye kalamu mbili mfukoni, akamwona mpaka mtoto wao wa kwanza. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, alishindwa. Alikoroga chokaa kwa ajili ya tepe nyeupe, akataka yai. Mayai hayakuwepo, Dafrosa alikuwa ameyaficha kwa ajili ya wageni, na hata kwa kiapo asingesema yako wapi. Lakini ndani palikuwa na kibuyu cha asali, mbichi, ya juzi. Asali nayo inashika. Faustini akachanganya chokaa na asali, akapaka tepe tatu nono begani mwa Kashinje, na kwa aibu, bila kutazama anachofanya, akamwaga nyingine mezani.

Ndugu msomaji, huyu ni mtu wa Inyonga. Amezaliwa katikati ya mizinga, amelelewa kwa asali, na ilikuwa kiangazi, miombo haina ua hata moja na nyuki wana njaa ya kufa mtu. Mtoto anayetambaa angejua. Mapenzi yana kazi yake.

Wageni walifika. Meza ilikuwa imewekwa uani, jeshi limepangwa sawasawa, na pembeni Dafrosa alikuwa na sufuria kubwa la wali juu ya mafiga. Mzee Kashinje alivaa koti zito, akatembea kama anayekagua gwaride. Nyuma yake walikuja wadogo zake wawili, Cletus na Krispini, ambao hadithi ya mto walikuwa wameisikia mpaka wangeweza kuiogelea. Mzee alikuwa bado hajainama kutazama wakati nyuki wa kwanza alipotua begani mwa sajini.

Wa pili alikuja na ndugu zake. Kisha likaja wingu.

Bwana Osward, aliyekuwa ameandaa maneno mazito ya ushenga, aliyaacha hapohapo akaingia chooni akafunga mlango. Cletus alijifunika mkeka. Krispini alikimbia na kikombe cha chai mkononi, na kwa kumtendea haki, hakumwaga hata tone. Dafrosa alitupa kanga kichwani akaingia jikoni. Faustini alisimama mbele ya meza akipunga kofia, anaumwa, anaomba radhi, haijulikani kwa nyuki au kwa jeshi.

Aliyebaki na akili ni Mzee Kashinje. Alivua koti, akalitia ndani ya pipa la maji, akajitanda. Akavuta majani mabichi ya mwembe, akayasukumia motoni, akachukua mfuniko wa sufuria akaanza kupepea. Moshi mzito ukajaa uani. Alitoa amri kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, kavu, ya mtu asiye na muda: lala chini, usipunge mkono, wewe toka kwenye huo mkeka ulete kuni. Watu wakatii. Nyuki wakaanza kulegea, wakaondoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka mkutanoni.

Hapo ndipo harufu ya kuungua ilipomfikia. Mzee aligeuka, akaona wali, akasahau nyuki, akasahau posa, akasahau mto na Mjapani wake. Aliepua sufuria kwa mikono aliyoifunika kwa koti, akamimina maji kidogo pembeni, akanyakua mwiko wa Dafrosa, akageuza wali kutoka chini kwenda juu kwa mkono mmoja kama mtu anayekunja shuka. Akafunika, akaweka kaa la moto juu ya mfuniko.

"Nani aliacha wali hivi?" alifoka. "Mimi nimepikia kombania nzima Burma, mvua inanyesha, mabomu yananyesha, na hakuna mtu aliyelala njaa."

Bwana Osward alifungua mlango wa choo kidogo ili asikie vizuri. Cletus, mkeka begani, alisema kwa upole kwamba kumbe kaka alikuwa mpishi.

"Na nyie mlifikiri jeshi linakula risasi?" Mzee alisema.

Hakuna aliyekuwa amefikiri hivyo. Wala hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa wamevimba midomo, na pia kwa sababu wali ulikuwa umeanza kunukia vizuri ajabu. Mzee alijifuta uso. Alionekana mwepesi, kama mtu aliyetua gunia ambalo hakuna aliyemwomba alibebe. Akaenda mezani akiwa na mwiko mkononi, akawa anatazama safu moja baada ya nyingine. Alitazama nyuma kabisa, kwenye mizigo, mahali pa wapishi. Mwishowe akamwona yule wa mbele. Nyuki walikuwa wamelamba tepe mbili, wamemshusha cheo, lakini moja ilikuwa imebaki, na bunduki ilikuwepo.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mzee," Faustini alisema. Jicho moja lilikuwa limefumba.

"Bibiana alikuja nyumbani juzi analia. Akasema umekataa, eti huwezi kudanganya hata kifungo. Nilikasirika sana. Halafu nikamwambia mama yake, kichwa kigumu hicho, lakini binti yetu hatadanganywa." Aliigusa ile tepe kwa ncha ya mwiko. "Sasa hii ni nini?"

Faustini alikuwa na majibu mengi. Angeweza kusema ni heshima, angeweza kusema mshenga ndiye aliyemwelekeza, na Bwana Osward pale chooni alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa. Lakini alikuwa amechoka kudanganya, na alikuwa amedanganya mara moja tu maishani.

"Nilimtaka Bibiana, mzee," alisema. "Nilimtaka kuliko ukweli. Jana sikujua, leo asubuhi nimejua."

Mzee Kashinje alimwondoa nyuki mmoja aliyechelewa kwenye kola yake. Halafu akavuta kigoda akakaa mezani.

"Toa bunduki," alisema.

Faustini alimchukua askari wa nta akamshika kiganjani mpaka akapata joto. Akafuta tepe kwa kidole gumba. Akaikunja bunduki, akaivuta, akaibana ncha yake ikawa bapa. Mkono ulikuwa umevimba, lakini ulijua kazi yake.

"Huo mwiko ni mfupi," Mzee alisema. "Wa kweli ulikuwa mrefu."

"Mrefu kiasi gani, baba?"

Neno lilitoka lenyewe. Bwana Osward akatoka chooni kabisa. Mzee Kashinje aliweka mwiko wa Dafrosa chini, akanyoosha mikono yake miwili pembeni, akaitanua, akafikiri, kisha akairudisha ndani kidogo, mpaka ikafika pale ilipokuwa kweli.