Neno Lililochapwa Juu

Macho ya Bi Wahida yaliisha kabla ya Kiingereza chake. Kwao Unguja alisoma mpaka akawa wa kusomesha wenziwe. Mueni aliishia darasa la nane huko Kitui. Basi nyumba ile ya mtaa wa Al-Safa, Jeddah, ilikuwa na utaratibu wake. Ikija karatasi ya dawa au ya hospitali, Mueni hutaja herufi mojamoja, na kikongwe huziunga kichwani akatoa neno zima, maana yake juu. Mmoja macho, mmoja akili. Wenyewe walicheka kwamba wakitiwa kwenye kapu moja atatoka karani mmoja mzuri.

Kicheko kilipungua Idi alipofariki. Idi alikuwa shemeji yake Bi Wahida, mwenye duka la vitambaa Al-Dirah, Riyadh. Ndiye aliyemtoa kisiwani mwaka wa sitini na nne, Ziyad akiwa mtoto wa mwaka mmoja mgongoni mwa mama yake. Mume, Mbarouk, alichukuliwa nyumbani siku za fujo, na habari yake ikakatika hapo. Kwa miaka sitini mtu akimwita mjane, Bi Wahida alimjibu, "Mjane wa nani? Mimi nina mume, sijaletewa habari." Posa alizirudisha tatu.

Matanga yalipokwisha, Ziyad, ambaye ndiye kafili wa Mueni, mdhamini wake wa kazi, alikuja kutoka Riyadh na sanduku la bati la marehemu ami yake. Akamvuta Mueni jikoni.

"Liweke juu ya kabati. Usimsomee mama chochote kilichomo."

"Sawa, bosi."

"Hata akilia. Karatasi ya baba yangu siwezi kuichoma, lakini wewe mdomo wako naweza kuufunga. Ikama yako ya kukaa nchi hii iko kwangu."

Mueni hakuwa mtu wa kukurupuka. Ila lile "hata akilia" lilimkaa. Ziyad alipokwisha kuondoka, alilifungua sanduku, akakuta fomu moja ya zamani, imegeuka njano. Neno kubwa lililochapwa juu lilimshinda: GAOL. Akaipiga picha, akamtumia Evans, mwalimu wa Kiingereza wa kwao Kitui aliyepanga chumba Al-Hindawiyah.

Evans alipiga simu papo hapo. "Hiyo ni jela, Mueni. Kizungu cha wazee. Wakoloni walikuwa wanaiandika hivyo kila mahali, kwa mihuri, kwa vitabu vya korti. Siku hizi hata wenyewe wengi wameacha, wanaanza na jei."

"Na huku chini?"

Evans aliikuza picha. "Huku chini wamesema mfungwa amekufa. Mbarouk. Hii ni list ya vitu vyake, kanzu moja, kofia moja, saa moja. Machi kumi na tisa, sitini na nne. Kuna mtu amesaini kuvichukua. Idi." Akakohoa. "Funga hilo sanduku, dada. Hiyo si stori yako."

Akalifunga. Wiki mbili alipika, akafua, akamwogesha kikongwe, na kila alipomsikia akisema "mume wangu" alitazama pembeni, kana kwamba yule mama angemwona.

Alasiri moja Bi Wahida alisema, "Ziyad alileta sanduku. Nilisikia bati likigonga mlango. N'letee."

Alipekua kwa vidole mpaka akaipata karatasi. Akaisugua. "Hii ya serikali. Nzito. N'somee."

"Maandishi yamefutika, Bibi."

"Yote?"

"Yote."

"Mbona umevuta pumzi kwanza? Mie kipofu, mwanangu, si kiziwi."

Mueni aliiwaza ikama yake. Akaziwaza zile posa tatu. Kisha akaichukua karatasi, akaanza kama walivyozoea. "Ji. Ei. Ou. El."

Bi Wahida hakuhitaji kuziunga. "Gereza," alisema. "Mwalimu wetu alitupiga vidole kwa neno hilo. Ukianza na jei, fimbo. Akisema jei ya Wamarekani." Akakunja mikono mapajani. "Endelea."

Mueni aliendelea, herufi kwa herufi, kanzu, kofia, saa, mpaka kwenye sahihi. Aliposikia jina la Idi kikongwe aliinua mkono.

"Tarehe?"

"Machi kumi na tisa."

"Na sie tulipanda meli Aprili." Aliushusha mkono. "Alijua. Angenambia, ningekaa eda, miezi minne na siku kumi, mlangoni sitoki. Ningekataa katakata, na meli ingetuacha. Akanyamaza ili nitoke."

"Alikuokoa, Bibi."

"Aliniokoa. Na tulipofika, mbona hakusema?"

Mueni aliikunja karatasi. Siri ikishalala mwaka wa kwanza, wa pili haiamki.

Bi Wahida alihesabu kwa vidole. "Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Mwisho wa Julai eda imekwisha. Huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari. Juni mwaka ule nilitia hina, Mueni. Harusi ya watu. Niliimba."

Hakulia. Alimpigia mwanawe mwenyewe, na kesho yake Ziyad akaja.

"Mama, ami alikuvusha salama."

"Alinivusha, namwombea. Lakini alinivusha nikicheka, na udongo wa baba yako haujakauka."

Ziyad akamgeukia Mueni. "Yalla, funga mizigo. Unakwenda Riyadh, kwa mke wangu."

"Huyu ndiye macho yangu, Ziyad."

"Nitakuletea mengine, mama. Halas."

Mwezi ulipita. Mueni alikuwa akipiga pasi kwa Madam Hala, mkewe Ziyad, Monicah alipompigia simu. Huyo ndiye aliyepelekwa Jeddah kushika nafasi yake.

"Huyu bibi wako ako sawa kweli? Amevua bangili, hataki hata mafuta ya nywele. Hospitali amekataa kwenda. Maalim alikuja akamwambia eda yake iliisha zamani, haimlazimu."

"Akasema nini?"

"Akasema anajua. Halafu akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Ameniuliza mara tatu tangu asubuhi. Nimechoka."

"Usichoke," Mueni alisema. "Kila akiuliza, mtajie." Sauti ya Madam Hala ikaita kutoka sebuleni, naye akakata simu.