Kumi na Saba

"Kumi na saba," Thilagavathi alisema, na hakurudia.

Meneja Kathirvel alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Jana ilikuwa sikukuu ya kuvienzi vyombo vya kazi. Hakuna mashine iliyowashwa kiwandani, kila moja ilivishwa maua ikapakwa sandali, ule unga wa mti wenye harufu nzuri. Thilagavathi alikipaka kipimo chake kwa kidole kimoja, kwa nje, kama alivyofanya miaka kumi na tisa. Ni bomba la chuma lenye waya mwembamba kuliko unywele. Unajaza gesi, unaupasha waya moto, na jinsi waya huo unavyopata joto upesi au polepole ndivyo unavyojua gesi hiyo inapitisha joto kiasi gani. Gesi ya kuumulia povu la kuzuia joto, linalojazwa kwenye kuta za masanduku ya kubebea chanjo, haitakiwi kuzidi kumi na tatu.

"Jana umeilisha mashine sandali, dada, leo imevimbiwa," Kathirvel alisema. "Andika kumi na tatu."

Hasira zilimpanda Thilagavathi hadi masikioni. Alinyonya gesi yote kwa pampu, akajaza naitrojeni safi, ambayo hata mfagizi wa maabara anajua kuwa ni ishirini na sita. Mashine ikasoma ishirini na sita, sawasawa.

"Mashine ni nzima, bosi. Mtungi wako wa gesi ndio umeingiwa na hewa. Masanduku hayatashika baridi, chanjo zitaharibika njiani, na watoto watachomwa sindano za bure."

"Wako ni wangapi humo? Povu linamiminwa saa nane."

"Basi andika mwenyewe."

Kathirvel akaandika kweli. Alivuta daftari, akaikata kumi na saba, akaandika kumi na tatu, kisha bila haya akasaini jina la Thilagavathi, tena kwa kulikosea.

Thilagavathi alichukua kopo la rangi nyekundu, ile ya kutia alama mitungi mibovu, akashuka kwenye ukumbi wa kumiminia povu, na mbele ya zamu nzima akaandika 17 ubavuni mwa mtungi, kubwa kama sahani.

"Huna kazi kuanzia leo," Kathirvel alisema mlangoni, akihema.

"Sina. Mwambie Mariyappan afungue mtungi, basi."

Mzee Mariyappan, msimamizi wa zamu, alikuwa ameshaweka mkono kwenye vali. Aliitazama namba, akamtazama meneja. Saa ya ukutani ilipita nane, na mkono wake ulikuwa bado pale pale, haujaizungusha vali.